Barua kutoka Kampala: Kompyuta Iliyopewa Chaja Isiyo Yake

Kompyuta za Watanzania na Wakenya wanaosoma au kufanya kazi Kampala aghalabu zimetembea kuliko wenyewe. Moja ilinunuliwa Dubai, nyingine ililetwa na ndugu kutoka Marekani, ya tatu ilipitia Kariakoo. Soketi za Uganda ni zile zile za pini tatu bapa zinazojulikana nyumbani, na umeme ni volti 240, kwa hiyo ukutani mgeni hana la kujifunza. Hatari imejificha kwenye kifaa kilicho kati ya ukuta na mashine.

Pigo zito zaidi huipata kompyuta ya mezani ya zamani iliyotoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120. Nyuma ya pawa saplai yake huwa kuna swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Ikichomekwa Kampala ingali kwenye 115, saketi ya kuingizia umeme huuzidisha mara mbili, na kapasita zilizoundwa kubeba volti 200 kila moja hubebeshwa karibu 340. Hupasuka kwa kishindo, fyuzi hukatika, chumba hujaa harufu kali, na mwenye mashine hushika kichwa akidhani kila kitu kimeteketea. Kwa kawaida sivyo. Ndani ya pawa saplai, transfoma hutenganisha upande wa ukutani na upande wa kompyuta, hivyo madhara mara nyingi huishia humo humo. Hubadilishwa hiyo peke yake, mashine ikawaka. Asiye fundi asiifungue kamwe, kwani kapasita huweza kuhifadhi umeme hata plagi ikishachomolewa.

Laptopu ina kisa kingine. Chaja zake nyingi hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo haziulizi nchi. Kinachotofautiana ni umeme zinaoutoa: volti 19, 19.5 au 20. Katika chumba cha kupanga cha Wandegeya au Kikoni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, ekstensheni moja huweza kulisha laptopu mbili, simu na ruta ya volti 12, nyaya zote zikiwa nyeusi. Kichwa cha chaja ya laptopu chenye tundu la milimita 2.5 huingia bila shida kwenye ruta iliyotengenezewa kichwa chenye tundu la milimita 2.1. Volti 19 zikipita hapo, ruta huweza kuungua papo hapo.

Lebo ya chaja ndiyo shahidi wa kwanza. Volti zikiwa pungufu, mashine haichaji, na kwa kawaida haidhuriki. Ampea zikiwa pungufu, chaja hupata moto au hujizima. Zikizidi, hakuna ubaya, maana mashine huchukua kiasi inachohitaji tu. Volti zilizozidi, au chanya na hasi zilizogeuzwa, ndizo zinazoua. Mchoro mdogo wa duara kwenye lebo huonyesha kama chanya iko katikati. Chaja za USB-C zina busara zaidi: huanza na volti 5, na hazipandi mpaka mashine iombe.

Kosa likishatokea, chomoa, toa betri ikiwa inatoka, nusa penye tundu la chaja, na usijaribu tena kwa chaja ile ile. Jaribio la pili limeua bodi ambazo la kwanza lilizisamehe. Itafutwe chaja sahihi, ichomekwe bila betri. Taa ya chaja ikizimika mara tu inapogusa mashine, kuna shoti mlangoni mwa umeme, na chaja imejizima kujilinda.

Hapo ni kazi ya fundi, na katikati ya Kampala wapo wengi, kwenye vibanda vyembamba vya maduka ya ghorofa, ambako mteja huitwa “ssebo” (bwana) au “nnyabo” (bibi) kabla hajaeleza shida. Fundi mzuri haanzi kwa kutaja bei ya bodi mpya. Huweka ncha moja ya multimita kwenye chuma cha bodi, nyingine kwenye fyuzi iliyo jirani na tundu la chaja, kisha kwenye diodi ya kinga, kisha kwenye transista za kuingizia umeme. Mlio mrefu mahali pasipostahili humwonyesha kilichokufa. Kifaa hicho huwa kidogo kama punje ya mchele, na bodi nyingi zinazohukumiwa kutupwa zilihitaji hicho tu.

Tasnifu, picha na hesabu za duka huweza kuwa salama hata bodi isipopona. Diski inayochomoka hutolewa, ikawekwa kwenye kasha la USB na kusomwa kwenye mashine nyingine. Kwa laptopu ambazo hifadhi yake imeunganishwa kwa risasi kwenye bodi, njia hiyo haipo: bodi lazima ihuishwe kwanza, japo kwa saa moja, mafaili yanakiliwe.