Kicheko cha Saa Kumi na Nusu

Saa kumi na nusu alasiri, karani wa Nairobi wa miaka ya 1970 alifunga jalada lake na kutoka ofisini. Kwa David Maillu, hapo ndipo hadithi ilipoanza. Kitabu chake After 4.30, cha mwaka 1974, kimechukua jina lake katika saa hiyo, mpiga taipu anapotaka kwenda zake na bosi anapomtaka abaki.

Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akauza vitabu vyembamba ambavyo wasomaji wa mjini walivigombania. Katika My Dear Bottle, cha mwaka 1973, mlevi anazungumza na chupa yake kama mtu azungumzavyo na mkewe, akitaja viungo vya mwili na haja zake bila stara. Watu walicheka, wakanunua. Wahakiki wengi walikunja nyuso, wakasema hiyo si fasihi, ni uchafu uliotiwa jalada.

Lakini neno chafu ni neno gani? Huku pwani mwari hufunzwa unyagoni kwa nyimbo na mizaha ambayo haiachi kitu bila kukitaja kwa jina lake, na somo anayeifundisha ni mtu wa heshima zake. Hakuna aitaye hayo matusi, maadamu mlango umefungwa na waliomo ndio wanaostahiki kuwamo. Maillu aliufungua mlango, kisha (na hili ndilo lililowaudhi zaidi, pengine) akatoza kiingilio.

Ajabu ni kwamba aliyeingia kwa ajili ya kicheko alikutana na mawaidha. Katika Unfit for Human Consumption, cha mwaka 1973 pia, mtumishi wa serikali aitwaye Kinama anatapanya mshahara wake kwa pombe na wanawake, na mwisho wake ni kujiua. Shehe yeyote angeweza kuikubali hatima hiyo, lau angestahimili kuzisoma kurasa zinazoitangulia. Kwa hakika mawaidha yake ndiyo mara nyingi yanayochosha, kwani mwandishi huyashindilia kwa nguvu, ilhali mzaha wake ni mwepesi na una macho.

Ubora wake umo katika After 4.30, kwa kuwa humo mwanamke anapewa nafasi ya kusema. Lugha ya adabu ingemsetiri nani pale ofisini? Bosi. Ingesema kwamba alimpenda msaidizi wake, au kwamba walizoeana. Mpiga taipu anapolitaja jambo kwa jina lake la mtaani, msomaji hucheka, kisha hugundua kwamba amesikia mashtaka.

Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Maillu, na soko kubwa likafungwa kwa amri moja. Comb Books haikudumu sana baada ya hapo. Mwenyewe hakuiacha kalamu: aliwaandikia watoto, akaandika juu ya mila, na mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000. Hata hivyo, jina lake linapotajwa, aghalabu kinachokumbukwa kwanza ni vile vitabu vyembamba, mlevi na chupa yake, na yule mwanamke aliyeambiwa abaki ofisini.