Kuja Anapoitwa

Mbwa huyu hatukumwomba. Mhandisi mmoja wa Kimarekani, aliyefanya kazi migodini upande wa Geita na kusali nasi kila alipopita Shinyanga, alimaliza mkataba wake akashindwa kusafiri naye. Akatuletea Moli, Labrador jike wa rangi ya mchanga, pamoja na mnyororo, nusu gunia la chakula na karatasi iliyochapwa pande mbili.

Karatasi ile ilieleza mtihani wa tabia njema ulioanzishwa mwaka 1989 na American Kennel Club, chama cha mbwa cha huko kwao. Una vipengele 10. Mbwa anamwacha mgeni amsalimie mwenye mbwa bila kumrukia. Anatulia akishikwa kichwa. Anapita katikati ya watu bila kuvuta kamba. Anakuja anapoitwa. Anaachwa na mtu mwingine kwa dakika 3 bila kulialia. Na kabla mbwa hajapimwa, mwenye mbwa anatia sahihi ahadi kwamba atamtunza.

Nilicheka. Kwetu Usukumani mbwa hufuatana na ng'ombe malishoni na kulinda boma usiku, anapewa ukoko, habari imekwisha.

Kicheko hakikudumu. Moli anapenda watu kupita kiasi. Wiki ya pili alimrukia bibi mmoja aliyekuja kunieleza habari ya msiba, akamwangusha chini pale uani, kisha akaanza kumlamba uso. Tangu siku hiyo washarika wakawa wanasimama barabarani na kunipigia simu badala ya kubisha hodi. Siwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina dawa, na wengi wetu tumeona au kusikia kifo cha namna hiyo. Afisa mifugo alikuwa amemchanja Moli, lakini cheti cha chanjo hakisomeki kutoka getini. Jirani yetu Mwislamu naye, mate ya mbwa yakimgusa, inambidi aoshe nguo kabla ya kwenda kuswali. Nyumba ya mchungaji inayoogopwa na watu si nyumba ya mchungaji tena. Mke wangu akaniambia, “Baba, ama umfundishe, ama umrudishe Marekani.”

Nikaanza na dagaa. Watafiti wa Cambridge walitangaza mwaka 2016 kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu ya kurithi inayowafanya wawe na njaa kuliko mbwa wengine, nami naamini Moli yumo katika robo hiyo. Kwa dagaa mmoja wa Ziwa Victoria alijifunza kukaa siku moja. Macho yake yakiwa kwenye vidole vyangu, nilikumbuka habari tuliyosimuliwa chuo cha theolojia, jinsi Martin Luther alivyomtazama mbwa wake Tölpel akikodolea nyama mezani, akatamani yeye mwenyewe aweze kusali kwa umakini ule. Darasani tulicheka. Uani kwangu sikucheka, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimesali huku nikisoma ujumbe kwenye simu.

Baada ya miezi miwili akina mama wa kwaya waliweza kupita karibu yake. Kipengele cha 7 ndicho kilichotushinda. Mbwa anaachwa kiasi cha mita 3, unageuka, unamwita, anakuja. Moli alikuwa anakuja mbio tangu siku ya kwanza. Halafu siku moja akatoroka, akafukuza mbuzi wa watu mpaka mtoni, nami nikaita hadi sauti ikakauka. Aliporudi nilimchapa kwa kandambili. Tangu hapo nikimwita anasogea, anasimama mbali kidogo, anatazama mkono wangu.

Nikampigia mhandisi simu kumlalamikia mbwa wake. Alisikiliza, kisha akauliza, “Mara ya mwisho alipokuja, ulimfanyia nini?”

Sikumjibu, kwa sababu aliyenijia akilini hakuwa mbwa.

Mwanangu wa kwanza yuko Nyarugusu, hii ya Geita yenye machimbo, si ile ya wakimbizi kule Kasulu. Aliondoka baada ya matokeo ya kidato cha nne, akashuka kwenye duara na wachimbaji wadogo. Nilimwita arudi. Nilimwita kwa simu, kwa barua, kwa kumtumia mwinjilisti. Akaja Krismasi. Alikuwa bado ameshika begi mlangoni nilipoanza. Nilimuuliza habari ya pombe, ya shule, ya jina langu mbele ya usharika, nikamaliza na amri ya nne. Kabla ya kengele ya alfajiri alikuwa ameshapanda basi la Kahama. Kwa miaka miwili nilipomwita alijibu, “Nitakuja baba, mtandao unasumbua.”

Luka 15 nimeihubiri mara nyingi. Sikuwahi kuona kwamba yule mwana alikuja na hotuba aliyoitunga njiani, na baba hakumwacha aifikishe mwisho. Wala baba mwenyewe hakuwa na hotuba.

Kwa Moli nilianza upya. Nilichuchumaa, sauti ya chini, dagaa mkononi. Achelewe, awe na matope, awe na kuku wa jirani mdomoni, akija anapata dagaa. Habari ya kuku niliimaliza na jirani. Ilichukua wiki sita mpaka akaacha kutazama mkono.

Kwa mwanangu nilituma ujumbe mmoja kabla ya Pasaka. Niliandika kwamba mama yake atapika wali na kuku wa kienyeji, na kwamba sina neno. Akajibu, “Sawa.”

Alifika Jumamosi jioni, vumbi la karasha likiwa bado kwenye nyusi. Moli alimwendea getini, akakaa chini bila kumrukia. Mwanangu akasimama hapo hapo, kama mita 3, akanitazama. Maneno yalinijia, tena mengi. Nikamuuliza kama amekula.

Jumatatu alirudi Nyarugusu. Duara hajaacha, na ibada ya Pasaka aliipitisha usingizini, jambo lililoniuma kuliko nilivyoonyesha. Lakini mwezi wa saba alikuja tena, na safari hiyo sikumwita.

Mtahini wa karatasi ile huku kwetu hayupo, basi mzee wa kanisa mmoja, mwalimu mstaafu, alikubali kumpima Moli akiwa na kalamu nyekundu. Alimpa 9 kati ya 10. Dakika 3 za kuachwa peke yake bado hawezi. Analia mpaka barabarani wanasikia.