Kelele Zilizosafishwa

Gari linaloshushwa Kilindini siku hizi na kutoka kupitia Changamwe halina pa kutia kanda. Mengi hata sidii hayachukui. Sheria ya Kenya inakataza kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8, kwa hivyo yenye deki yalikoma kuja zamani, na yaliyosalia yanazeeka Likoni na Kisauni pamoja na wenyewe. Ndani ya haya mapya mna kioo kinachokusemesha Kijapani, na redio ya Japani ambayo FM yake inaanzia 76 wala haifiki 108 ya kwetu, mpaka fundi aifungie kifaa cha kupanua masafa. Muziki, unaambiwa, simu italeta.

Na kweli inaleta, hata waimbaji wetu wa taarabu. Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, yumo. Juma Bhalo, tuliyemzika 2014, yumo. Zuhura Swaleh yumo. Udi wa Zein unasikika safi kuliko ulivyowahi kusikika katika Peugeot 504 ya babangu, na mwenye kuupenda muziki huo hana budi kushukuru.

Ninacholilia mimi si nyimbo. Taarabu ya Mombasa iliingia majumbani mwetu kwa kanda, na nyingi zilinaswa harusini penyewe, watu wakiwepo. Zipo zilizouzwa madukani, kama kwa Mbwana Radio Service kule Mji wa Kale, na zipo ambazo hazikutoka nje ya ukoo. Yetu ni ya harusi ya shangazi, Kisauni, dakika 45 upande mmoja na 45 upande wa pili. Jenereta inanguruma tangu mwanzo. Katikati ya ubeti bibi anapiga kigelegele kirefu hadi mwimbaji anangoja amalize. Ami anawakaripia watoto waliokanyaga waya. Mtu anakwenda kutunza, na jina la babangu linatajwa kwenye kipaza sauti, kijana bado, hajaoa.

Tulikuwa tukiisikiliza kwenye foleni ya feri. Mtu wa Likoni anaijua foleni hiyo: gari linasogea hatua mbili, linasimama, na hakuna pa kwenda, basi kanda inasikilizwa yote, bila kuruka kitu. Upande wa kwanza uliweza kwisha hatujaona maji. Bibi alipofariki, babangu aliiweka kanda kwa muda mrefu asiiguse. Alipoirudia aliirudia garini, kwa sababu redio ya nyumbani ilikwisha haribika, na nadhani kwa sababu nyingine pia. Mwanamume mzima hana mahali pengi pa kulilia mamake. Akiwa nyuma ya usukani anatazama mbele, nawe uliye kiti cha nyuma huuoni uso wake. Kigelegele kilipokaribia alikuwa akikata mazungumzo, hata kama ni yeye aliyekuwa akizungumza.

Gari lile liliuzwa baada ya yeye naye kututoka. Nilimpelekea fundi kanda aihamishie kwenye flashi, nipate kuipiga katika gari la sasa. Alifanya kazi yake kwa bidii. Alizitenganisha nyimbo, kila moja na faili yake, akatupa yaliyokuwa baina yake, na zilizobaki akazisafisha kelele. Jenereta haipo. Ami hayupo. Kigelegele kimefifishwa kikawa kama upepo unaopita nyuma ya fidla. Aliponikabidhi alifurahi, na kwa sikio la mgeni alikuwa na haki ya kufurahi. Mimi niliipiga mara moja, nikasikia waimbaji wako peke yao, harusi haina watu, nikazima.

Tangu hapo naona tulichopoteza ni kikubwa kuliko mashine. Simu inachagua wimbo unaofuata kwa kukisia unachopenda. Kanda haikukisia, ilikupitisha ulikopita jana, na ukijua baada ya kikohozi hiki anakuja bibi, ulijiandaa kuonana naye. Sijui mahali pengine ambapo marehemu wangu walikuwa na zamu yao namna hiyo.

Kanda ya asili ninayo. Nimepata deki inayofanya kazi kwa jamaa huko Changamwe, na safari hii nitakaa papo hapo dakika zote 90, lisikatwe neno, isisafishwe sauti. Itakuwa faili moja ndefu, na kioo cha gari kitaandika kwamba msanii hajulikani. Watoto wakiwa kiti cha nyuma nitawatajia mimi: huyu mama wa babu yenu, huyu ami yangu, huyu anayetajwa ndiye babu yenu mwenyewe. Upande wa pili, karibu na mwisho, yuko mwanamke anayecheka kwa nguvu, ambaye babangu alikuwa akicheka naye kila mara na sikuwahi kumuuliza ni nani. Jumamosi ninakwenda kwa shangazi kumsikilizisha. Harusi ilikuwa yake, na yeye bado yuko nasi.