Kinga ya Mguu Mmoja kwa Njia za Likasi: Ukubwa Gani, Kasi Gani?



Mwezi wa tatu mdogo wangu, ambaye yuko Guangzhou kwa mambo ya biashara, alinitumia ujumbe wa sauti: "Yaya, nimepata nafasi ndani ya kontena. Nikutumie ile kinga ya mguu mmoja? Lakini uniambie mapema: ukubwa gani, na kasi gani?"

Nilimjibu baada ya majuma matatu. Leo naeleza kwa nini nilichelewa, maana tangu watu waanze kuniona njiani wananiuliza swali lile lile.

Kwa asiyeijua, ni gurudumu moja la umeme lenye vikanyagio viwili pembeni. Unasimama juu yake, gurudumu likiwa katikati ya miguu yako. Halina usukani wala kiti. Ukiinama kidogo mbele linakwenda, ukirudisha uzito nyuma linapunguza mwendo. Mmarekani Shane Chen ndiye aliyeanza kuliuza kwa jina la Solowheel, miaka kumi na kitu iliyopita, na baadaye viwanda vya China vikatengeneza ya kila aina. Ndiyo maana mdogo wangu anayaona kila siku kule, sisi hapa tunayaona kwa simu.

Mimi naishi Kikula. Kazi yangu ya kuleta habari inanipeleka mjini karibu kila asubuhi, na siku nyingi inanipeleka tena Shituru au Panda kabla ya kurudi nyumbani. Kwa siku ya kawaida ni kama kilomita 10. Zamani nilikuwa nalipa manseba kwa kila kipande cha njia. Mke wangu aliandika hesabu hiyo kwenye daftari mwezi mzima, kisha akaniwekea daftari mezani karibu na karatasi ya minerval ya binti yetu, bila kusema neno. Nilielewa. Basi swali la mdogo wangu halikuwa la mchezo. Pesa ya gurudumu hilo ilikuwa itoke mahali fulani, na mahali penyewe nilipajua.

Nilikuwa tayari kumjibu siku ile ile: "Nitumie dogo, la bei ndogo." Kilichonizuia ni mkono wa mtoto wa jirani.

Kijana huyo alikuwa amenunua gurudumu la inchi 14 lililokwisha kutumika. Alilimudu vizuri, watoto wote wa avenyu walimkimbilia nyuma. Jioni moja alikuwa akipanda kilima kwa haraka, betri ikiwa imebaki kidogo. Gurudumu likaanza kulia, na vikanyagio vikainuka upande wa mbele kama vinamsukuma arudi nyuma. Yeye akadhani limeharibika. Akainama zaidi ili lisisimame. Likazimika chini ya miguu yake. Kiwiko cha mkono wa kuume kilivunjika, na meno mawili ya mbele yakabaki pale njiani. Mimi na mama yake ndio tulimpeleka hospitali, na njia nzima alikuwa akirudia: "Baba, lilikuwa linakwenda vizuri tu."

Usiku ule nilianza kusoma juu ya mashine hizi. Nikaona kwamba gurudumu halikuharibika hata kidogo. Lilikuwa likimwomba apunguze mwendo, na yeye hakujua lugha yake.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye kinga ya kawaida, ukiacha kukanyaga unaendelea kuteleza. Kwenye gurudumu moja, nguvu inayokusukuma ndiyo hiyo hiyo inayokuzuia usianguke kifudifudi. Kadiri mota inavyozunguka mbio, ndivyo nguvu ya akiba inavyopungua. Betri ikishuka, akiba inapungua tena. Halafu linakuja shimo, au kilima, au upepo, na kila kimoja kinadai nguvu ya ghafla. Ikiwa haipo, wewe unaendelea mbele na gurudumu linabaki nyuma. Ndiyo maana viwanda vinaweka ile sauti na kule kuinuka kwa vikanyagio. Ni kama mzee anayekushika bega.

Bado sikuwa nimejua nichague nini. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa makala. Mnawajua, wale wanaotoka vijijini usiku na magunia juu ya kinga, wakisukuma kwa miguu mpaka mjini. Nilimkuta amepumzika kando ya barabara, nikamwuliza kwa nini kinga yake imeongezewa vyuma pande zote na hali amebeba magunia matatu tu. Akacheka. "Mwanangu, hii inabeba manne. Kwa hiyo ninabeba matatu. Siku nitakayobeba manne, ndiyo siku itavunjikia porini."

Nilirudi nyumbani na jibu la nusu ya swali. Kasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya gurudumu si kasi ya kukimbilia. Ni gunia la nne. Unalilipia ili usilibebe. Mtu anayetaka kwenda kilomita 20 kwa saa asinunue gurudumu ambalo mwisho wake ni 20. Anunue lenye mwisho wa 35, kisha aende 20.

Na kwa nini 20? Kwa sababu ya njia zetu. Ukiwa kwenye kilomita 20 kwa saa unapita karibu mita 5 na nusu kwa kila sekunde. Kwenye 40 unapita mita 11. Yule anayeona shimo, akashtuka, akafikiri, sekunde moja imekwisha. Na kusimama hakuongezeki sawasawa na mwendo: ukizidisha kasi mara mbili, njia ya kusimamia inakuwa mara nne. Kati ya Kikula na mjini kuna mbuzi, watoto wa shule, manseba wanaokata kushoto bila kuangalia, na malori. Sioni mahali pa kwenda 40.

Ikabaki nusu ya pili, ukubwa. Hapa nilichukua rula ya binti yangu na kupima mashimo ya njia yangu, watu wakiniangalia kama mtu aliyepoteza pesa. Mengi yalikuwa na upana wa kama sentimita 30. Kisha nikafanya hesabu ya shule ya sekondari. Kwenye shimo la upana huo, ikiwa lina kina cha kutosha, gurudumu la inchi 14 linazama sentimita 8 hivi. La inchi 16 linazama kama 6 na nusu. La inchi 18 kama 5 na nusu. Basi dogo ni zuri kwa sakafu na kwa njia ya lami isiyo na makovu. Kwetu, inchi 14 ni kutafuta daktari.

Kati ya 16 na 18 ndipo nilipoteseka. Mdogo wangu alinitajia mbili za kiwanda cha InMotion. Moja ni V8F: inchi 16, mwisho wa kasi kilomita 35 kwa saa, betri ya wati-saa 518, uzito karibu kilo 15. Nyingine ni V11: inchi 18, ina springi kama moto, inakwenda kilomita 50 na zaidi, betri ya wati-saa 1500, uzito kilo 27.

Moyo ulitaka V11, na moyo haukukosea kwa yote. Mashimo inayavumilia zaidi. Akiba yake ya nguvu ni kubwa. Na kuna habari ya umeme, ambayo mtu wa Likasi hawezi kuisahau. Ukihesabu wati-saa 17 kwa kila kilomita, siku yangu moja inakula 170. Na kwa kuwa sitaki kushuka chini ya theluthi moja ya betri, kwa sababu ya mkono wa yule kijana, V8F inanipa siku mbili tu kabla ya kutafuta umeme. V11 inanipa karibu siku sita. Umeme ukikatika Jumatatu, mwenye V11 bado anacheka Ijumaa.

Lakini kilo 27 ni zaidi ya mfuko wa bunga wa kilo 25. Ofisi ninazoingia kutafuta habari nyingi ziko ghorofani, na gurudumu la namna hii huwezi kuliacha nje ukalikuta. Nilichukua mfuko wa bunga, nikapanda nao ngazi mara tatu siku moja. Mara ya tatu mke wangu aliniuliza kama nimebadilisha kazi.

Kuna na mpira wa ndani. V8F inatumia kipimo cha 16 × 2.125, kile kile cha kinga nyingi za watoto. Fundi wa kinga aliye chini ya mti karibu na kwetu anaujua mpira huo. Mpana wa inchi 18 asingeupata, ningengoja kontena jingine.

Na kuna bei. Tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa kubwa kuliko minerval ya mwaka mzima. Hapo sikuhitaji rula.

Nikamjibu: "Mdogo wangu, tuma ya 16 yenye mwisho wa 35. Na usisahau vizuizi vya viganja na kofia ngumu." Kama kazi yangu ingekuwa ya kwenda mbali kila siku, au kama ningekuwa na banda la kufungia chini, ningesema 18 bila kusita. Kwa hiyo msichukue jibu langu. Chukueni namna ya kuuliza: pima shimo la njia yako, pima ngazi zako, hesabu siku zako bila umeme, kisha nunua kasi ambayo hutaitumia.

Wengine wananiuliza kama mtu anaweza kuja nalo ndani ya ndege. Hapana. Ndege za abiria hazikubali betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ndogo kati ya hizi inapita hapo mara tatu. Langu lilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, likapanda lori, likakata Zambia, likaingia Kasumbalesa. Siku nilipokwenda kulipokea nilisimama kando ya barabara kubwa nikiangalia malori yanayotoka Kolwezi kwenda mpakani, yamefunikwa turubai. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwenye udongo wa Kongo hii, na betri nyingi za mashine kama hizi zina kobalti ndani yake. Kiwanda cha Shituru kinafua shaba tangu mwaka 1929, babu zetu wamefanya kazi humo. Madini yanapita mlangoni kwetu kwa tani, yanarudi kwa kilo chache ndani ya kisanduku, na sisi tunalipa bei ya kwenda na ya kurudi. Sikulisema kwa uchungu siku ile, nilikuwa na furaha ya kisanduku changu. Lakini nililisema.

Kujifunza kulinichukua majuma mawili kwenye uwanja wa mpira, alfajiri, kabla ya watoto kuamka. Siku ya kwanza sikufika hata mita tatu. Siku ya tano nilianguka kwa viganja, na vile vizuizi vikalipa bei yake yote. Mwalimu wangu alikuwa yule kijana wa jirani, mkono ukiwa umepona. Alikuwa akikimbia pembeni akinishika shati na kusema: "Baba, usiangalie chini, angalia kule unakokwenda."

Sasa ni mwezi wa pili. Kwa programu ya simu nimefunga kasi kwenye 20. Ikifika hapo, vikanyagio vinaniinua taratibu, nami natii. Barabara kubwa ya malori siipandi, naizunguka kwa njia za ndani hata kama ni ndefu. Kwenye mashimo makubwa nashuka na kusukuma kama mzee wa makala. Mvua zikianza na potopoto kujaa, litabaki nyumbani, nami nitarudi kwa miguu na kwa manseba. Daftari la mke wangu limepungua kurasa, minerval ya kwanza imelipwa, ingawa kwa kuchelewa siku chache.

Juzi kijana alinijia jioni. Aliniomba nimfungulie kasi yote, aone 35 inavyokuwa, mara moja tu, pale penye lami nzuri. Nilimwonyesha betri kwenye simu: ilikuwa imebaki theluthi. Akaangalia namba, akaangalia kiwiko chake.

"Basi kesho, Baba, ikijaa," akasema.

Nikamwambia aje kesho. Tutapanda wote kwenye uwanja wa mpira, na kasi itabaki 20.