Mkasi na Shoka

Sisi wahudumu wa ndege hukaguliwa kama abiria, wala hatunung'uniki: roho za watu ni amana. Tangu ilipofichuliwa njama ya kulipua ndege zitokazo London, Agosti 2006, vimiminika vimewekewa kikomo cha mililita 100 katika viwanja vingi. Hata achari tuliyofungiwa na mama hutupwa jaani. Twakubali. Linalotustaajabisha ni rubani kupokonywa mkasi mdogo wa kucha, kisha akaenda kuketi katika chumba chenye shoka la dharura, na usukani wa ndege nzima mikononi mwake! Tukiuliza sababu, twajibiwa: "Ndiyo kanuni." Wazazi wenzetu, tusiwajibu hivyo watoto wetu. Amri isiyoelezwa sababu hutiiwa machoni tu. Mgongo ukigeuka, huachwa.