Tulitumwa Kutwaa Ufunguo

Mwezi wa Juni huku kwetu Bulongwa baridi hushuka mno, hata alfajiri nyingine majani ya viazi huonekana meupe kwa umande ulioganda. Siku moja ya mwezi huo, mwaka jana, wazee wa mtaa walituita wakatupa kazi tusiyoipenda. Walitutuma kwa mwinjilisti wetu mstaafu, aliyetimiza miaka 71, tukamwambie aache kupanda pikipiki, na ikiwezekana turudi na ufunguo wake. Walituchagua sisi kwa kuwa ndiye aliyetufundisha kusoma, nao walidhani hataweza kutukasirikia.

Shauri lao halikuwa baya. Goti lake la kuume limekaza tangu miaka mingi, vidole vya mkono wa kushoto hufa ganzi kwa baridi, na katika mwaka ule alikuwa ameanguka mara 3. Watoto wake walioko mjini walikuwa wamepiga simu wakiomba baba yao azuiwe.

Walakini shauri lile lilikuwa na upande wa pili, ambao kikaoni haukutajwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017, Mkoa wetu wa Njombe ulionekana kuwa na watu wazima 11.4 katika kila 100 wenye virusi vya UKIMWI, kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Kila mtu wa Ukinga ajua maana ya hesabu hiyo bila kuisoma. Katika vitongoji vya mbali wamo wagonjwa, na bibi wanaolea wajukuu peke yao, ambao kwa juma zima hawapigiwi hodi na mtu ila mzee huyu. Wamisionari wa Berlin waliofika hapa mwaka 1895 waliivuka milima hii kwa miguu, na wainjilisti wa baada yao vivyo hivyo. Lakini goti lile halipandi tena mlima. Kwa miguu hafiki hata kisimani. Kwa pikipiki hufika Iniho na kurudi. Kumwondolea ufunguo kungekuwa kumfunga nyumbani, yeye pamoja na wale wanaomngojea.

Tulimkuta uani akipangusa kiti cha pikipiki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja na maneno, au umekuja na njaa?"

Tukampa ujumbe wote kwa pumzi moja, maana tuliogopa kwamba tukinyamaza katikati hatutaweza kuendelea. Hakukasirika. Alitukumbusha aliyoambiwa Petro kandokando ya ziwa, katika Yohana 21, habari za uzee na mtu mwingine kumfunga mshipi. "Nanyi mmekuja kunifunga," akasema, "lakini kiuno chenyewe hamjakipima." Akatupa kofia ngumu ya pili, akatuamuru tukae nyuma yake tuone wenyewe. (Kofia hiyo huvaa siku zote, na kila amchukuaye humvika. Imepimwa na waganga wa nchi nyingi kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa 42 katika 100; lakini vijana wetu wa bodaboda huitundika kwenye usukani, kana kwamba usukani ndio wenye ubongo.)

Basi tukashika njia ya upande wa Iniho, na njiani tukajua kwamba sisi, wenye miaka 34 na magoti mazima, hatujui kuendesha. Kwanza, hakurusha mguu juu ya kiti kama tufanyavyo sisi. Kando ya ukuta wa nyumba ameweka jiwe pana, naye hupanda kutoka juu yake. Kwenye kila mteremko alitia gia ya kwanza kabla ya kuanza kushuka, akaiacha injini ishike uzito wetu. Tulipomwuliza sababu alitueleza kama alivyotueleza zamani mambo ya kujumlisha na kutoa: breki ya nyuma ni ya mguu wa kuume, na mguu wake wa kuume haukanyagi vizuri, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu chombo kikizuiwa uzito wote huinamia mbele, lakini juu ya matope gurudumu la mbele likikwama halina wa kuliokoa. Kwa hiyo mlima hushukwa kwa gia. Mahali palipochimbika sana alitushusha, akapita peke yake polepole, tukamfuata kwa miguu.

Tulianza kupanga moyoni maneno ya kuwajibu wazee. Kisha tukafika mlangoni pa mgonjwa, akasimama, nasi tukaanguka wote wawili.

Hatukuwa na mwendo hata kidogo. Pale mahali paliinama, mguu wake wa kuume ulikosa ardhi kwa kadiri ya vidole vinne, na chombo chenye uzito upitao kilo 110 kikaegemea upande ule. Goti halikuitika. Tukalala chini taratibu kama gunia la viazi lililosimamishwa vibaya. Hakuumia mtu, ila mkono wa breki ya mbele ulipinda, na sisi tulichubuka kiwiko. Mzee aliketi nyasini, akatazama gurudumu likizunguka.

"Hii ni ya 4," akasema.

"Na zile 3, Baba, zilikuwaje?"

"Kama hii. Sijaanguka hata siku moja ninapokwenda."

Neno hili lilitufungua macho. Pikipiki inapokwenda husimamishwa na mwendo wake yenyewe, wala haimdai mpandaji nguvu nyingi. Inapotua ndipo inapomtwika mzigo wote juu ya mguu mmoja. Kikao kizima kilikuwa kimezungumza habari ya mwendo wa kasi, na mzee huyu hapiti mbio za mbuzi; ugonjwa ulikuwa katika kusimama.

Tulirudi bila ufunguo. Mzee mmoja wa kikao alituambia mbele ya wenzake, "Akifa, damu yake utaibeba wewe, Mwalimu." Neno hilo bado twalibeba.

Ndipo tukaanza kutafuta chombo kingine. Katika nchi ya Japani, mwaka 1958, kampuni ya Soichiro Honda ilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa Super Cub. Mbele ya kiti pako wazi, mtu hupitisha mguu pasipo kuurusha. Klachi yake hufanya kazi yenyewe, kwa kuwa walitaka mpeleka chakula aweze kuendesha kwa mkono mmoja na mkono wa pili ubebe sinia la tambi. Hata kufika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hawakumfikiria mzee wa Ukinga mwenye vidole vya ganzi, lakini wamemfaa. Njombe mjini tulipata moja ya namna hiyo iliyokwisha tumika, nyepesi kuliko ile ya kwanza, na kiti chake ni cha chini hata nyayo zake zote mbili hukanyaga ardhi. Haikuponya yote: breki ya nyuma ni ya mguu uleule, na milima bado huishuka kwa gia.

Alipoiona aliikataa. "Hiyo ni ya masista," akasema, akaingia ndani. Majuma 3 ilisimama ukutani. Aliyemaliza shauri ni Mama, mkewe, naye ana miaka 68. Siku moja alifunga kitenge chake vizuri, akaketi juu yake, akamwita mwanafunzi wetu mmoja aje amfundishe kuiwasha, ili aende yeye kwa wagonjwa. Mzee alitoka nje upesi.

Tulipatana masharti: asiende katika mvua, wala jua likiisha kuzama. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya nuru ifikayo ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, na taa ya gari lijalo humpofusha kabisa. Tena tuliazima desturi ya Uingereza, ambako dereva yampasa aweze kusoma namba ya gari iliyo mbali mita 20. Kila mwanzo wa mwezi mzee huja shuleni, tukapima mita 20 kwa kamba, akasoma. Ubao wa jina la shule haukufaa, maana herufi zake alizichora yeye zamani. Kwa hiyo twaandika neno jipya kwa chaki, herufi kubwa kama za namba ya gari. Siku atakayoshindwa, atatupa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Sharti hili alilitunga yeye.

Miezi 8 amesoma bila shida. Mwezi huu tuliandika "msafara". Alinyamaza muda mrefu, akapangusa macho kwa leso.

"Mwalimu, chaki yako siku hizi imekuwa nyembamba. Naomba hatua mbili."

Tukageuka kutazama barabarani, kana kwamba mtu ametuita. Alipiga hatua mbili, labda tatu, akalisoma lile neno. Kisha akapanda, akashika njia ya Iniho, ambako bibi mmoja alikuwa akimngoja tangu asubuhi.