Mzigo Mwepesi, Safari Salama

Katika nyumba yetu kuna mizani ya kupimia samaki, imening'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Haijapima samaki mwaka mzima huu. Kazi yake siku hizi ni kupima mikeka, kamba, vyandarua na pampu ya baiskeli. Tumeona ni vyema tueleze ilivyofika hapo, kwani huenda msomaji mwenye watoto na baiskeli akaepushwa na kosa tulilolifanya sisi wazazi.

Mara ya kwanza tulipotoka na kijana wetu, wakati huo akiwa na miaka 13, tulikusudia kulala usiku mmoja huko Kikambala. Tulifungasha kama watu wanaohama. Palikuwa na hema la turubai nzito lenye nguzo za chuma, magodoro mawili ya sponji, mablanketi matatu, jiko la makaa pamoja na makaa yake, sufuria, sahani, na maji lita 10. Hatukupima chochote. Tulipokuja kupima baadaye, kwa majuto, mzigo ulikuwa kilo 39 kwa baiskeli tatu. Hema peke yake lilikuwa kilo 9, nalo tulimfungia kijana kwenye keria, juu kabisa, kwa sababu baiskeli yake ndiyo iliyokuwa mpya.

Tulipokuwa tukiteremka kuelekea daraja la Mtwapa, hema likalala upande mmoja. Kamba ikaingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Mtoto akaanguka, na akaangukia upande wa barabara, si upande wa majani. Lori lililokuwa nyuma lilifunga breki, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu likasimama. Kijana alivunjika mtulinga. Dereva aliteremka, akatusaidia kumnyanyua, kisha akatuuliza swali moja tu: "Mzigo wote huu wa nini?" Hatukuwa na jibu.

Mfupa uliunga. Kilichochelewa kuunga ni moyo wake. Baiskeli ilikaa uani ikashika kutu, na kila tulipoitaja aliondoka akaenda chumbani. Sisi wenyewe tulikuwa tumegawanyika: mmoja wetu akiona mambo hayo yaishe kabisa, mwingine akihofia kwamba mtoto atakua akiamini kuwa barabara imemshinda.

Aliyetuamua ni bibi yake. Alitusikia tukibishana siku moja baada ya magharibi, akatukumbusha usiku aliolala Muzdalifa alipokwenda kuhiji. Alilala chini ya mbingu pamoja na maelfu ya mahujaji, akiwa na mkeka, chupa ya maji na kifuko cha vijiwe. "Sikukosa kitu usiku ule," akasema. "Nyinyi mwalala usiku mmoja Kikambala mwabeba nyumba." Kijana, aliyekuwa mlangoni, akacheka. Kesho yake alikwenda kuitafuta mizani ya samaki.

Yeye ndiye aliyepima kila kitu na kukiandika daftarini, na mbele ya kila kitu akaandika swali: tukikiacha, nini kitatupata? Blanketi halikupita. Usiku wa pwani yetu haumhitajii mtu zaidi ya kikoi au leso mbili. Jiko halikupita, maana njiani hapakosekani mahamri na mbaazi, na tende hazihitaji moto. Hema lilitusumbua zaidi. Mahema mepesi ya kisasa ya watu wawili hupatikana ya kilo 2 hivi, lakini bei yake si ya kila nyumba. Tena katika unyevu wetu, hema la kitambaa kimoja lisilopitisha hewa hutoa jasho kwa ndani, na mtu huamka ameloa hata kama mvua haikunyesha. Tukachagua turubai jepesi la nailoni la mita 3 kwa 4, na chini yake vyandarua viwili. Tulikubaliana kwamba chandarua hakiachwi kwa sababu yoyote ile. Malaria haijali wepesi wa mzigo.

Maji nayo hayadanganyi: lita moja ni kilo moja. Tuendako ni kilomita 20 hivi kutoka kivuko cha Likoni, mbali sana na masafa ya kilomita 80 na kitu ambayo wanavyuoni wengi huyataja kwa kufupisha swala. Kwa hiyo tungeswali kamili, na misikiti ya njiani ingetupa maji ya udhu na ya kujazia chupa. Lita 6 zilitosha. Pamoja na spana, viraka, pampu na dawa za huduma ya kwanza, mzigo wote haukufika kilo 17. Vizito tukavifunga chini, sawasawa pande zote mbili za gurudumu, na ncha za kamba tukazifungia kwa vipande vya tyubu kuukuu zisipepee. Buibui nalo lilifungwa juu ya mnyororo.

Tulilala Tiwi, katika shamba la jamaa yetu, kwa idhini yake. Hatukulala chini ya minazi, kwani nazi haina adabu ya kubisha hodi. Wala hatukushuka ufukweni, maana siku hizo zilikuwa za bamvu. Tulifunga turubai baina ya mivinje miwili. Saa nane usiku mvua ikaja na upepo, na upande tuliouacha juu kwa ajili ya hewa ndio uliokuwa ukielekea upepo. Mkeka mmoja uliloa. Kabla hatujapapasa tochi, kijana alikuwa ameshatoka, akaishusha kamba, akakipigilia kigingi upya, akarudi akitiririka maji. "Laleni," akatwambia. Nasi tukalala, kama vile yeye ndiye mzazi.

Alfajiri tuliswali katika msikiti wa kale wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe penye mibuyu, karibu na mto Mwachema unapoingia baharini. Tulipotoka, kijana alitangulia kwenye baiskeli yake. Hakutungoja.

Hatuandiki haya kumhimiza kila mtu akalale nje. Tunayaandika kwa mzazi anayemfungia mtoto wake mzigo: apime kwanza, na aulize swali la yule dereva kabla hajaulizwa barabarani. Wabillahi tawfiqi.